Re: Corolla 110 inavuja oili nyuma ya puli ya kemshafti

Mkuu, kabla hujanunua sili (ile pete ya mpira inayozuia oili pale kemshafti inapotokea nje), safisha hapo juu kabisa kwa petroli na brashi, kausha, washa gari robo saa, kisha mulika na tochi. Kwenye injini ya 5A-FE gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu cha injini) nayo huvuja pembeni hapo hapo, na mafundi wengi wanaisingizia sili.

Ikiwa ni sili kweli, weka sawa alama zote za taiming, zile zinazolinganisha kranki (shafti kuu ya chini) na kemshafti, kabla ya kutoa belti: puli ya kranki kwenye 0, tundu la puli ya kemshafti litazamane na alama ya kepu inayoishika kemshafti. Kutoa sili ya zamani ndiko kunakoharibu injini za watu. Usichokonoe kwa bisibisi tupu. Ifunge utepe nchani, maana mkwaruzo mmoja kwenye shafti na sili mpya itavuja hata iwe orijino. Pitisha ukucha kwenye shafti: ukihisi mfereji, sili mpya usiiingize kina kile kile, iache milimita moja nje ili mdomo wake ukae pasafi. Paka oili mdomoni, upande wenye springi uelekee ndani, gonga taratibu kwa soketi yenye upana wa sili.

Belti ikishalowa oili, tupa, hata kama fundi atakuambia inafutika. Valvu ya PCV, ile inayopumulisha injini kutoka ndani, iangalie pia. Ikiziba, presha ya ndani inazisukuma sili zote. Mwisho zungusha kranki kwa spana raundi mbili, alama zirudi palepale, ndipo upige stata.