Nilisimamisha nyumba ya mama kwa kuogopa kodi ambayo haikuwepo

Wiki jana dada mmoja wa Minneapolis kanitumia meseji usiku, anauliza akimtumia babake dola 25,000 za operesheni Kenya, serikali ya Marekani itamkata ngapi. Sikulala, maana huyo nilikuwa mimi kabisa.

Mwaka 2024 nilituma dola 26,000 Kakamega, nyumba ya udongo ya mama ibomolewe ajengewe ya matofali. Hizo ni shifti za usiku miaka minne na Krismasi zote kazini, na najivunia kila tofali. Machi iliyofuata nikaenda kwa jamaa anayefanyia watu kodi, mwenzetu tu, akaniambia nina deni la kodi ya zawadi, asilimia 40 ya hizo pesa. Nilitetemeka. Nikampigia fundi asimamishe kazi, nyumba imefika kwenye linta, mvua ikaja ikanyeshea kuta na mama analala kwa jirani. Hakuniuliza hata siku moja kwa nini, na hiyo ndiyo inaniuma mpaka leo.

Na hakukuwa na deni! Ukiwa raia au umehamia huku moja kwa moja, mwaka ule ulikuwa unaruhusiwa kumpa mtu mmoja dola 18,000 bila kujaza chochote (2025 ikapanda 19,000). Mimi nilizidisha 8,000, hiyo unaijaza kwenye fomu 709 kabla ya Aprili 15, halafu inatolewa kwenye kiwango chako cha maisha yote cha zawadi zisizokatwa kodi, ambacho 2024 kilikuwa dola milioni 13.61. Milioni, jamani! Nani kati yetu atazifikisha? Na mama hadaiwi na IRS, yaani watu wa kodi wa Marekani, kodi hii ni ya anayetoa.

Ndugu zangu tuache kuogopeshana, tuulize, tusome, tuulize tena. Mume na mke kila mtu ana 19,000 zake. Weka risiti. Na tangu Januari 2026 ukimpa wakala keshi mkononi atume nje unakatwa asilimia 1, kwa hivyo tuma kutoka benki.

Yule dada nimemwambia asipitishe pesa kwa simu ya kaka yake, alipe hospitali yenyewe, kwa sababu matibabu ukilipa hospitali moja kwa moja hayahesabiwi zawadi, hata iwe ngapi, na karo ukilipa chuo chenyewe ni hivyo hivyo. Jana kanitumia risiti. Babake anaingia tieta Alhamisi.