Fataki na Mdundo

SWALI: Kwenye mashindano ya fataki ya Montreal, Kanada, onyesho huenda na muziki kwa takriban nusu saa. Mlipuko unaangukiaje kwenye mdundo wenyewe?

JIBU: Kombora, yaani fataki inayorushwa angani na kulipuka huko, hufyatuliwa kabla ya mdundo. La kipenyo cha milimita 75 hupanda kwa sekunde 2 hivi, la 150 kati ya 3 na 4. Programu ya kompyuta hupunguza muda huo kwenye saa ya mdundo ili kupata saa ya kufyatua. Lakini tambi za ndani ya makombora haziwaki kwa muda sawa, kwa hiyo rusha machache ya majaribio, upime. Mdundo mkali upe fataki za chini zinazowaka papo hapo. Fuata macho, si kishindo: aliye mita 340 hukisikia sekunde nzima baadaye. Kombora likigoma, mara nyingi ni waya uliolegea. Kagua kila kiwashio, kile kidude cha umeme kinachowasha fataki, kwa jaribio la kisanduku cha kufyatulia, si kwa mita ya fundi umeme. Mkondo wa mita hiyo waweza kukiwasha kiwashio mkononi.