Ndege wa njano juu ya mkuyu: maswali yenu ya mwezi huu

Kila masika yanapoanza, barua zenu huwa ni za ndege mmoja. Safari hii nimeona nizijibu pamoja, kwa kuwa zinakamilishana bila wenyewe kujuana: aliyeandika kutoka Muheza na aliyeandika kutoka Ujerumani wamemwona ndege wa aina ile ile.

Shikamoo. Nyuma ya nyumba yetu kuna mkuyu unaozaa, na wiki hii umejaa ndege wa njano kali wenye mbawa nyeusi na mdomo mwekundu. Jirani anasema ni mnana. Mimi naona ni wakubwa mno. Ni ndege gani? (Muheza)

Marahaba. Jirani hayuko mbali sana, maana mnana naye ni wa njano, lakini macho yako yameona sawa. Hao ni makubwiro. Mnana ni ndege wa kutosha kiganjani. Kubwiro ana urefu wa sentimita 24 hivi, anakaribia tetere, ingawa ni mwembamba zaidi.

Ukitaka kujua ni kubwiro yupi, acha njano, tazama jicho. Dume wa kubwiro wa Ulaya ana weusi kidogo kati ya mdomo na jicho, unaishia hapo hapo, na mbawa zake ni nyeusi karibu zote. Kubwiro wa Afrika weusi wake unapita jichoni na kuendelea nyuma, kama wanja uliovutwa kuelekea sikio, na manyoya ya mbawa yana kingo pana za njano. Mwenye kichwa chote cheusi ni wa tatu. Huyo hasafiri mbali, utamsikia mwaka mzima. Tena wewe wa Muheza una bahati: ukipanda Amani, kwenye misitu ya Usambara, yuko wa nne mwenye kichwa na mgongo wa kijani, na yeye ni mwenyeji wa mle mle.

Wa Ulaya hupita pwani yetu kuanzia Oktoba, vuli ikinyesha. Wengi huendelea kusini, kisha Machi na Aprili hupita tena wakirudi kaskazini. Nao wa Afrika, wale wanaozaliana kwenye miombo ya kusini, hupanda kuja pwani kuanzia Aprili na kukaa nasi upepo wa kusi ukivuma, hadi Agosti hivi. Kwa hiyo kuna wiki chache ambazo mkuyu mmoja huwa na wageni wanaoaga na wageni wanaobisha hodi, wote wa njano, wote wakila kuyu zile zile. Nimewahi kusimama chini ya mkuyu wa namna hiyo na darubini ya kuazima, nikihesabu wanja hadi shingo ikaniuma. Toka uangalie leo, usingoje mwisho wa mwezi.

Habari za huko nyumbani. Mimi naishi Potsdam, Ujerumani. Mwezi Mei, alfajiri, kwenye mipopla iliyo karibu na mto nasikia filimbi nene, tamu, kama mtu anapuliza mluzi wa maneno manne. Sijawahi kumwona mwenye sauti. Mume wangu anasema ni ndege anayetoka Afrika. Kweli? (Potsdam)

Kweli tupu, dada. Huyo ndiye kubwiro wa Ulaya. Wajerumani wanamwita Pirol, jina linaloiga sauti yake, na pia wanamwita ndege wa Pentekoste kwa sababu huwasili msimu huo. Mwaka 1990 alichaguliwa kuwa ndege wa mwaka nchini humo. Wafaransa wanamwita loriot, neno lililotokana na Kilatini cha dhahabu.

Usijilaumu kwa kutomwona. Mtu hudhani njano ile haiwezi kujificha, lakini kubwiro hukaa juu kabisa kwenye majani, na jua likipenya matawini majani yenyewe huwa na mabaka ya njano na kivuli cheusi. Ndivyo alivyo yeye. Msubiri anaporuka kutoka mti mmoja kwenda mwingine.

Ukibahatika kuona kiota chake, utakitambua, maana umekulia na kitu kama hicho jikoni: ni susu. Jike hachagui kukaa juu ya tawi; hutafuta panda ya tawi iliyolala, akafunga nyuzi za majani makavu na maganda ya miti upande huu na upande huu, akasuka kikapu kinachoning'inia katikati. Upepo ukivuma kinabembea na mayai yake, ambayo ni meupe yenye madoa meusi, matatu hadi matano. Huyaatamia siku 16 au 17, na makinda hutoka kiotani baada ya muda kama huo tena. Chakula chao kikubwa ni viwavi, hata wale washa wenye manyoya ambao ndege wengi huwaogopa.

Agosti wanaondoka. Piga hesabu mwenyewe: miezi mitatu, labda minne, ndiyo yote anayokaa huko. Iliyobaki iko njiani na iko Afrika. Tena kuna jambo ambalo kila nikilifikiria hunipa furaha. Kubwiro aliyekomaa huotesha sehemu kubwa ya manyoya yake mapya akiwa huku. Rangi ya njano ya manyoya hayo hatengenezi mwilini kutoka hewani. Huipata kwenye chakula, katika dutu zinazoitwa karotenoidi, zile zile zinazofanya papai na karoti ziwe na rangi. Kwa hiyo dhahabu anayokuja nayo kwenye mipopla yenu, ameila Afrika.

Wimbo ndio wenu. Huku kwetu aghalabu yu kimya, au hutoa mlio mkavu kama wa paka aliyekanyagwa mkia. Nakuonea wivu kwa hilo.

Kama Afrika kuna joto na chakula, kwa nini wasikae tu? (Morogoro)

Kwa sababu ya mchana. Juni, kaskazini mwa Ulaya, jua linakaa angani saa 16 na zaidi, na miti inajaa viwavi kwa wakati mmoja. Mzazi mwenye makinda wanne anapata saa nne zaidi za kuwinda kila siku kuliko angezipata kwetu, na hagombanii viwavi hivyo na umati wa ndege wenyeji wa tropiki. Septemba viwavi vimekwisha, mchana umefupika, hakuna cha kumweka.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Mwalimu alisema ndege wachanga husafiri bila wazazi. Wanaijuaje njia? (Kilifi)

Swali lako limewasumbua watu wazima kwa karne nyingi, mwanangu. Zamani huko Ulaya walikuwepo wasomi walioamini kwamba ndege hawaendi popote, wanajizika kwenye matope ya maziwa na kulala hadi baridi iishe. Kisha mwaka 1822, karibu na kijiji cha Klütz, Ujerumani, akapigwa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki umemchoma shingoni. Mkuki ule ulikuwa wa Afrika. Ndege alichomwa huku, akanusurika, akaruka na mti ule shingoni hadi kwao. Bado amehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Rostock. Baada ya hapo ilikuwa vigumu kuzungumza habari za matope.

Sasa njia. Kubwiro, kama ndege wengi wa msituni, husafiri usiku. Miaka ya 1960 Mmarekani Stephen Emlen alichukua ndege wadogo wa buluu wa kwao, nao wahamaji wa usiku, akawaweka ndani ya jumba lenye kuba linaloonyesha nyota za bandia. Kila ndege alikuwa ndani ya koni ya karatasi yenye wino chini, ili kila anaporuka miguu iache alama upande anaotaka kwenda. Nyota zilipogeuzwa, alama nazo ziligeuka. Ndege walikuwa wakisoma anga, hasa zile nyota zinazoizunguka ncha ya kaskazini.

Mwingine, Mholanzi Perdeck, alifanya jambo zito zaidi. Alikamata kwezi wa Ulaya zaidi ya 11,000 wakiwa safarini Uholanzi, akawapeleka kwa eropleni hadi Uswisi, akawaachia huko. Wakubwa, waliokwisha kusafiri hapo awali, waligundua wamesogezwa, wakakata kona kuelekea kule walikozoea. Wadogo walishika mwelekeo ule ule waliozaliwa nao, na wengi wakaishia Hispania na kusini mwa Ufaransa, mahali ambapo hapakuwa pao. Hapo ndipo jibu lako lilipo: kinda huzaliwa na mwelekeo, lakini ramani huipata kwa kusafiri. Ongeza pia kwamba ndege wanaweza kuhisi usumaku wa dunia, hivyo hata mawingu yakifunika nyota hawapotei kabisa.

Kutoka Warsaw hadi Mombasa, kwa mstari ulionyooka, ni kilomita kama 6,500. Kubwiro ana uzito wa gramu 70 hivi, zaidi kidogo ya yai la kuku. Anazifanya zote hizo kwa mafuta aliyoyahifadhi chini ya ngozi, na safari ya kwanza huifanya akiwa na umri wa miezi michache tu. Mwambie mwalimu wako awape darasa zima swali hili.

Kwenye kundi la njano naona na wengine wa kijani-kijani wenye michirizi kifuani. Ni aina nyingine? (Bagamoyo)

La, ni majike na vijana. Hata kijana wa kiume hukaa hivyo. Humchukua misimu miwili mitatu kuvaa njano kamili.

Je, huku Maskati naweza kuwaona? (Oman)

Unaweza. Oman iko njiani kwao. Aprili na Mei nenda kwenye mashamba ya mitende na bustani zenye miti mikubwa, asubuhi na mapema, kwa sababu ndege aliyevuka jangwa usiku hushuka penye kivuli na maji. Ukiona mmoja, niandikie tarehe.

Nimesoma kwamba wanakamatwa na kuliwa njiani. Ni kweli au ni uzushi? (Nairobi)

Ni kweli, na inauma. Kubwiro hupenda tini na matunda laini kabla ya kuvuka Sahara, na watu wanajua hivyo. Pwani ya kaskazini mwa Misri nyavu hutandazwa mbele ya bahari, mahali ambapo ndege aliyevuka Mediterania hufika akiwa amechoka. Kisiwani Kupro hutumia ulimbo, sawa na ule wa utomvu wa mfenesi ambao wengi wetu tulitegea ndege utotoni. Mwaka 2015 shirika la BirdLife International lilikadiria kwamba ndege kama milioni 25 wa aina mbalimbali huuawa kinyume cha sheria kila mwaka kuizunguka bahari ile. Kubwiro bado ni wengi, hawamo katika orodha ya walio hatarini, na ninashukuru kwa hilo. Lakini milioni 25 si idadi ya kuisoma na kupita.

Tuna nyumba ya wageni Watamu. Usiku wa mvua tumeokota barazani ndege asiye na mkia wa maana, tumbo jekundu, mgongo wa kijani, mbawa zina madoa ya buluu yanayong'aa. Amepigwa na bumbuwazi. Tumfanyeje? (Watamu)

Huyo si kubwiro. Ni pita wa Afrika, na kuna watu wanaosafiri mbali kuja kumtafuta msitu wa Arabuko-Sokoke na magofu ya Gede wasimwone. Naye ni mhamaji wa usiku: huzaliana kuanzia kusini mwa Tanzania hadi Zimbabwe mvua zinaponyesha huko, kisha huja pwani yenu kipindi cha kusi. Taa za baraza humvuta akagonga kioo.

Mtieni kwenye boksi la katoni lenye matundu, ndani mweke kitambaa, mfunike awe gizani, mahali pasipo paka wala watoto. Msimlazimishe maji mdomoni, yataingia kwenye pumzi. Akianza kukwaruza boksi, mpelekeni ukingoni mwa msitu, mfungueni karibu na ardhi, maana riziki yake ni ya chini: mchwa, siafu na wadudu wa kwenye majani makavu. Usiku wa mvua zimeni taa za nje zisizo na kazi.

Kijana wangu amenasa kubwiro wa njano, amemweka tunduni. Mchana anakula papai vizuri, lakini usiku anarukaruka na kujigonga hadi tunaamka. Anaumwa? Tunaweza kumfuga? (Tanga)

Mama, haumwi. Ni Aprili. Ile ni hamu ya safari: ndege mhamaji akiwa tunduni, usiku wake wa kuondoka ukifika, mwili wote unamwambia aende, na huruka upande ule ule anaotaka kwenda. Ndiyo hamu iliyoacha alama za wino kwenye koni za Emlen. Akiwa ni wa Ulaya, tazama asubuhi: manyoya yaliyovunjika yatakuwa mengi zaidi upande wa kaskazini wa tundu.

Kumfuga hapana. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu bila kibali, na hata ingeruhusu, ningekusihi vivyo hivyo. Usimfungulie usiku huu kwa haraka ya huruma, kwa kuwa amechoka na kupoteza mafuta. Mpe papai na maji ya kutosha jioni, funika tundu kwa kanga atulie. Alfajiri, kijana mwenyewe alibebe hadi kwenye mti wenye matunda, afungue mlango, akae mbali kidogo. Ndege atakula mchana kutwa. Giza likiingia ataondoka.