Maswali na majibu: Dampa si hirizi

Dampa inazuia tetemeko lisiingie ndani ya jengo?

Hapana. Kazi hiyo ni ya beringi za mpira zinazokaa kati ya msingi na jengo. Nimeshalijibu hili mpaka nimechoka. Dampa ni kifaa kinachofungwa ndani ya jengo kumeza mtikisiko ulioingia tayari.

Sasa nguvu ya mtikisiko huo inakwenda wapi?

Inageuka joto. Chukua waya wa kufungia nondo, ukunje na kuukunjua harakaharaka mara kadhaa, kisha gusisha mdomoni pale ulipokunjika. Utausikia moto wake. Dampa za chuma ndivyo zilivyo: kipande cha chuma laini kinapindwa huku na huku ili nguzo zisalimike. Za msuguano ni mabamba yaliyobanwa kwa bolti, yakiteleza yanasagana. Za mafuta ni ndugu wa shokapu ya gari: pistoni inasukuma mafuta ya silikoni yapite kwenye vitundu vyembamba.

Hizi za mafuta zina sifa moja ambayo wauzaji wengi hawaigusi. Nguvu yake hufuata kasi, si umbali. Jengo likifika mwisho wa kuyumba, nguzo zimeelemewa kabisa, lakini kasi ni sifuri na dampa imetulia. Likirudi kupita katikati, kasi iko kileleni. Hapo dampa inavuta kwa nguvu zake zote, na nguzo zinapumua.

Nyumba yangu haina ghorofa, kuta ni nene za matofali. Nifunge dampa ngapi?

Hata moja usifunge. Dampa hula mwendo, na ukuta kama huo hupasuka kabla haujasogea vya kutosha. Hela hiyo iweke kwenye mkanda wa zege wenye nondo, uzunguke nyumba nzima juu ya kuta, na paa lifungwe humo.

Fundi anasema tukiweka dampa tunaweza kupunguza ringi, zile pete za chuma zinazofunga nondo za nguzo. Ni kweli?

Mtafute fundi mwingine. Watu wanapenda kunitajia Torre Mayor ya Mexico City, iliyokamilika 2003: orofa 55, dampa 98. Ni jengo zuri, na limesimama juu ya udongo laini wa ziwa la kale, ule ule uliokuza mtikisiko wa tetemeko la 1985 na kuangusha majengo mengi ya kimo cha kati. Lakini wanaokariri hiyo 98 hawataji nguzo zake za chuma zilizovikwa zege, wala nguzo za msingi zilizozama chini kabisa. Dampa zilikuja juu ya kazi iliyokwisha kuwa nzuri.

Na hizo ringi mlizonazo, mmezitazama ncha? Zikunjwe digrii 135, ziingie ndani ya kiini cha nguzo. Ikikunjwa 90, zege la nje likibanduka ncha inafunguka, nondo zinatoka tumbo, nguzo imekwisha. Hakuna dampa itakayokuokoa hapo.

Na lile tufe zito linaloning'inia ndani ya Taipei 101, jengo refu la Taiwan, si dampa ya tetemeko?

Tani 660, na limewekwa hasa kwa ajili ya upepo.

Dampa zikishafungwa, zinahitaji kukaguliwa?

Swali la maana, hatimaye. Tazama mafuta yanayovuja kwenye sili (kizibo kinachozuia mafuta yasitoke), kutu, bolti zilizolegea. Tikisa pini inayoshika dampa kwenye jengo: ikicheza milimita 2, basi kwenye mitikisiko midogo dampa haifanyi lolote.

Ukaguzi wa kwanza lakini ni kabla ya kununua. Mwaka 2018 huko Japani, mtengenezaji mkubwa alikiri kwamba takwimu za majaribio ya dampa zake zilighushiwa, na mamia ya majengo yakaguswa. Usikubali cheti cha jumla. Dai matokeo ya kila dampa kwa namba yake iliyogongwa kwenye chuma, na mhandisi wako awepo zinapopimwa.