Kigimbi kinachouma chini: kunja goti, mkuu

Mkuu, umesema jim unapiga vigimbi vya kusimama (kupandisha na kushusha visigino miguu ikiwa imenyooka) karibu kila siku, lakini ukikimbia kupanda kilima cha UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, mguu unaanza kuvuta kule chini, juu kidogo ya kisigino. Mimi yalinikuta hayohayo, na kwangu ilikuwa soleusi, msuli wa ndani wa kigimbi.

Kigimbi kina misuli miwili mikubwa iliyolaliana. Ule unaotuna ukivaa kaptura ni gastroknemiasi, unaanzia kwenye mfupa wa paja, juu ya goti. Chini yake kuna soleusi, bapa na nene, unaanzia chini ya goti. Yote miwili inaishia kwenye kano moja iliyoshika kisigino. Sasa goti likikunjwa, ule wa juu unalegea kwa kuwa umevuka goti, na kazi kubwa inabaki kwa soleusi. Ukikimbia, goti halinyooki kabisa mguu unapobeba uzito. Mlimani ndiyo usiseme. Wewe jim umenyoosha miguu!

Ukitaka kuona soleusi kazini, pita soko la Majengo uwatazame mafundi cherehani: wamekaa, goti limekunjwa, wanakanyaga kutwa. Karibu asilimia 80 ya nyuzi za msuli huu ni zile za polepole zisizochoka upesi, kwa hiyo marudio machache ya harakaharaka hayaisumbui.

Nilianza nyumbani. Kaa kitini, sehemu ya mbele ya nyayo juu ya tofali, ndoo ya lita 20 yenye maji mapajani karibu na magoti. Tanguliza kanga iliyokunjwa, na funika ndoo vizuri, maji yenyewe ya mgao. Shusha visigino taratibu hadi usikie mvuto, pandisha, tulia kidogo. Seti 3 za 15 hadi 20, siku moja fanya, inayofuata pumzika. Ukizoea, mguu mmoja mmoja. Baadaye ndoo itakuwa nyepesi mno, maana msuli huu umezoea kubeba mwili mzima. Hapo rudi jim, weka chuma mapajani.

Ila kigimbi kimoja kikivimba, kikawa cha moto na kinauma hata umekaa, hasa baada ya safari ndefu ya basi, usikichue. Nenda hospitali, huenda damu imeganda kwenye mshipa.

Kwa sasa kimbia tambarare. Ukiona asubuhi unashuka kitandani bila kuchechemea, panda kilima tena, nusu ya umbali wako wa kawaida.