Jibu: MGB ya 1971 ya baba mkwe, niirekebishe kwanza au niiuze ilivyo?

Mkuu hiyo MGB, kigari cha spoti cha Kiingereza, mimi ningeiuza hivyo hivyo ilivyo. Ukiipiga rangi saa hizi mnunuzi atahisi unaficha kutu, na kutu ndo kila kitu kwenye MGB maana haina chesisi ya peke yake, bodi yenyewe ndo inabeba gari, kwa hiyo mtu akija ataingia uvunguni na tochi moja kwa moja, ataangalia pale chini ya milango kati ya tairi la mbele na la nyuma, sakafu, na springi za nyuma zinapofungwa. Wewe mtangulie, piga picha hayo matobo vizuri yaonekane, ataekuja atakuwa ashajua anakuja kununua nini.

Injini usilazimishe kupiga stata kama gari imelala miaka mingi bila kuwashwa!! Toa plagi, mwagia oili kidogo kwenye silinda, iache ilale, halafu jaribu kuizungusha kwa mkono, ikizunguka andika tu "inazunguka", inatosha.

Kadi unayo? Huko Uingereza bila V5C (ndo kadi ya gari ya kule) wanunuzi wengi wanasita, angalia namba ya chesisi ifanane na iliyoandikwa humo. Ya 1971 una bahati, ni bampa za kromu, zile nyeusi za mpira zilianza mwishoni mwa 1974 na watu hawazipendi sana. Na usitupe makorokoro ya gereji, kabureta za zamani, vitasa, risiti za mzee, vyote weka kwenye boksi viende na gari.

Mwenye kununua aje na trela lake lakini.