Baba anataka kumwoza mdogo wangu aliye kidato cha pili, nifanyeje?

Pole sana, ndugu yangu. Nimekuelewa: mzee huko Shinyanga ameahidiwa ng'ombe, binti bado anasoma, mama anaogopa kusema, nawe uko mbali.

Usimtishie baba polisi kwa simu. Akihisi amebanwa anaweza kumhamishia binti kwa ndugu wa mbali, na hasira zikamwangukia mama. Anza na shangazi au mjomba ambaye neno lake linasikika kwenye ukoo. Wazee wengi bado wanaamini kumsomesha msichana ni kuutajirisha ukoo mwingine, na imani hiyo haivunjwi na hotuba. Kama kijijini kuna muuguzi au mwalimu wa kike aliyewajengea wazazi wake nyumba, mwombe shangazi aende naye kwa mzee.

Ada isiwe kisingizio. Sekondari za serikali hazitozi. Sare, madaftari na michango ndivyo vinavyouma, kwa hiyo ukiahidi kuvilipia, lipa kweli.

Lakini mahari ikishapokelewa au siku ikishapangwa, acha mazungumzo. Piga 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, ni bure, au nenda ustawi wa jamii au dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi. Tangu 2016 Sheria ya Elimu inakataza kumwoa mwanafunzi wa msingi au sekondari, kifungo chake miaka 30, na anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Baba alisikie hilo kutoka kwa mtendaji wa kijiji, si kwako. Mwalimu mkuu mpigie leo hii.